Nilivyozushiwa ukoma Kibokoni kwa sababu ya keratini

Wakuu, salaam kwenu, na akina dada msomao kimya kimya pia.

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Sitii chumvi. Ningekuwa natia chumvi ningejipamba zaidi ya hivi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nimemaliza shule, niko nyumbani kwetu Kibokoni, nangoja posa. Sura ninayo, alhamdulillahi. Tatizo viganja.

Viganja vyangu ni vizito, vya manjano, vikavu kama kumbi la nazi. Miezi ya baridi (chekeni, baridi ya Mombasa ipo) hupasuka mpaka damu. Nyayo ni vivyo hivyo.

Baba yangu, mpishi wa halua, yuko hivyo. Kaka yangu yuko hivyo. Dada yangu alitoka na viganja laini kama mkate wa sinia, na hakuna siku aliyosahau kunikumbusha.

Nyumbani hatukuona ajabu. Mimi kaa la chetezo nalishika kwa vidole huku napiga soga.

Basi akatokea Kassim, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kwao Ganjoni. Aliniona sokoni Marikiti nikigombana na mtu kwa ajili ya ndimu, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Posa ikaletwa. Wazee wakaelekea kukubaliana.

Halafu akaja shangazi yake kunitazama. Bi Zuhura. Mama mnene, dhahabu mpaka kwenye viwiko.

Nikamletea sharubati, nikampa mkono. Akaushika, akauachia kama ameshika chura.

"Mikono hini ina nini?"

Mama akasema, "Ni ya kurithi, dadangu. Babake yuko hivyo."

"Kurithi ni nyumba," akasema Bi Zuhura, "si magamba."

Sharubati hakuigusa. Akajifunika buibui lake, akaenda zake.

Kesho yake mtaa mzima una habari: binti wa mpishi wa halua ana ukoma, na babake ndiye aliyemwambukiza.

Wakuu, mimi kukosa mume ningevumilia. Lakini watu waliacha kununua halua ya baba. Sinia zikawa zinarudi nyumbani zimejaa, na yeye anakaa anazitazama. Hilo ndilo lililoniliza.

Nyanya akasema ni jini, nipelekwe kwa mganga. Mama akasema ni husuda. Mimi nikauliza, jini gani huyu aliyeanza kwa babu, akaja kwa baba, akanishika mimi na kaka, akamruka dada? Anachagua kama mtu anayenunua maembe?

Nikamshika baba mkono, tukaenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja wa Kibohora aliyekuwa na kliniki mjini.

Akatutazama viganja, nyayo, kucha. Akanifumbisha macho, akawa ananigusa kwa pamba huku na huku, nami namwambia wapi. Kisha akacheka.

"Ukoma hauko hapa. Mwenye ukoma hupoteza hisia. Nyinyi mna keratini iliyozidi."

"Kera nini?" baba akauliza.

"Ni protini. Nywele ni keratini, kucha ni keratini, ngozi ya juu ni keratini. Hata kwato za mbuzi."

Baba akanitazama, akamtazama daktari. "Kwa hivyo bintiangu ana kwato?"

Hakuwa anafanya mzaha, wakuu.

Daktari alipomaliza kucheka akatueleza taratibu. Kiganja na unyayo vina keratini yao wenyewe, tofauti na ya mkono wa juu. Yetu ina kasoro tangu tumboni, basi ngozi inaona imedhoofika, inajijengea ukuta mzito. Haiambukizi. Hata mkishikana mkono mpaka kiama.

Akanipa mafuta yenye urea ya kulainisha. Ndiyo, urea, ile iliyomo kwenye mkojo. Lakini hii ni ya duka la dawa, msianze ujinga wenu.

Kisha akaacha kucheka. "Ukizaa, kila mtoto ni kama kurusha sarafu. Huenda akawa nayo, huenda asiwe nayo."

Njia nzima mpaka nyumbani nikawa nawahesabu watoto ambao sijawazaa.

Baada ya swala ya alasiri baba akasimama barazani mbele ya majirani, akanyanyua viganja vyote viwili. "Nyote mumekula halua ya mikono hini tangu mungali watoto. Nani aliyeota gamba? Ajitokeze!"

Hakutokea mtu. Mzee mmoja akaomba halua palepale, wengine wakafuata kwa aibu.

Mimi nikamwita Kassim. Akaja, mama ameketi kando. Nikamwambia yote, mpaka hiyo sarafu, halafu nikamfungulia viganja aone.

Akatazama sana. Akauliza, "Yauma?"

"Ikipasuka."

"Na hayo mafuta yapatikana duka gani?"

Wakuu, mimi niliolewa dakika ile. Kadhi alikuja baadaye kukamilisha tu.

Na hina ya harusi! Hina hushika keratini, na keratini ninayo ya kugawia mtaa. Ilikolea mpaka ikawa nyeusi. Bi Zuhura akaja kuuliza nimenunua hina wapi. Nikamwambia ni ya kurithi.

Nilichojifunza: ugonjwa wa ngozi muulize daktari, usimuulize shangazi wa mtu. Na mwenye kutaka kukuoa mwambie mapema, kwa mdomo wako mwenyewe.

Sarafu ilimwangukia binti yangu wa pili. Majuzi mchumba wake alikuja na wazee wake. Mimi najiandaa kuanza hotuba, binti akanyoosha viganja mbele ya wageni wote: "Tazameni vizuri sasa hivi. Baada ya harusi sipokei maswali."

Wenye viganja kama vyetu semeni humu, mwatumia mafuta gani? Wenye kuja kucheka nanyi karibuni, viti vipo.