Ndimu za Mama

Harufu ya ndimu hunichefua roho mpaka leo. Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, nyumba yetu ya Umm Salal, nje kidogo ya Doha, ilinuka ndimu tangu alfajiri hadi jioni, maana Mama alikuwa ameingiwa na wazimu wa vitu vya asili. Alikamua ndimu, akachanganya maji yake na mafuta ya nazi, asali na mafuta ya shea aliyoletewa na marafiki zake Waganda, akajaza mchanganyiko huo kwenye chupa tupu za jemu. Kitu chochote chenye majina marefu nyuma ya paketi alikiita sumu. Alitupa losheni za Baba, akatupa hata sabuni yangu ya samawati niliyoipenda. Kina mama wa kanisani waliyasifia mafuta yake, kichwa kikazidi kumvimba. Lakini nisimpambe bure: hakuwa akitafuta afya yangu. Alitaka niwe mweupe. Jua la Doha lilinichoma kila nilipocheza nje, na Mama hakuificha aibu yake. Aliwaambia wageni nikisikia kwamba nimekuwa mweusi kama sufuria ya jiko la kuni. Wageni walicheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua la kufanya.

Aliyenilea hasa ni Dada Nekesa, mwanamke wa Bungoma ambaye Baba alimtafutia viza aje kutusaidia kazi za nyumbani. Alikuwa amewaacha watoto wake wawili kwa mama yake, na mshahara wake ndio uliowasomesha. Nilimpenda, ila nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu asiyeweza kumpiga. Nilimsumbua, nikamjibu vibaya, kisha nikamlalia mapajani anisuke nywele.

Mwezi wa Aprili ikafika siku ya michezo shuleni. Kabla ya kwenda ofisini, Mama alinipaka mchanganyiko wake usoni, shingoni na kifuani, akarudia mara ya pili ili jua lisinipate. Dada Nekesa akanisindikiza hadi kwenye basi la shule. Alitazama juu, akaguna, akatoa mfukoni tyubu ya krimu ya kukinga jua aliyoinunua duka la dawa. "Mama asijue, sawa? Hii jua si ya mchezo," akaniambia, akanipaka usoni haraka haraka. Shingoni hakufika, kwa sababu dereva alikuwa amekwisha kuanza kupiga honi na kupiga kelele za "yalla, yalla", yaani twende upesi.

Siku ya pili yake malengelenge yakanitoka shingoni na kifuani, mengine makubwa kama zabibu, na ngozi iliyobaki ikaiva ikawa nyekundu. Sikuweza kuvaa shati. Usoni sikuwa na hata kipele kimoja. Palipopakwa ile iliyoitwa sumu palikuwa pazima, na palipopakwa ndimu peke yake paliungua. Mama alikuwa na macho, aliona. Hospitalini, daktari aliinama akaniuliza kwa upole kama nilipakwa ndimu kabla ya kutoka nje, maana maji ya ndimu yakikutana na jua kali huunguza ngozi. Mkono wa Mama ulikuwa begani mwangu. Ningependa kusema kwamba ulinifinya, lakini haukunifinya. Nilijibu hapana, ni Dada aliyenipaka dawa ya tyubu. Nilisema hivyo kwa kumwogopa Mama, na pia kwa sababu juzi yake Dada alinizimia televisheni katikati ya katuni. Nakumbuka jinsi nilivyofurahi kwamba sasa atakoma.

Jioni ile Mama alipekua begi la Dada Nekesa, akaibwaga tyubu mezani, akamwita. "Ulitaka kuniulia mtoto na hizi kemikali zako?"

"Mama Joy, nilimpaka uso peke yake, haki ya Mungu," Dada akasema, kisha akanigeukia. "Joy, si umwambie mama?"

Nilitazama ukuta. Dada akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha. Baba alisema maneno mawili matatu, Mama akamkatiza. Kabla wiki haijaisha Dada alikuwa amepandishwa ndege kurudishwa kwao. Baadaye nilimsikia Mama akisimulia kwenye simu, bila hata kupunguza sauti, kwamba watoto wa yule mwanamke wameacha shule kwa kukosa karo.

Leo nina miaka thelathini na mmoja, nauza vipodozi katika duka moja kule Lusail. Kila siku wateja huniuliza kama kitu fulani ni cha asili, nami huwaambia kwamba hata ndimu ni ya asili. Wao hucheka. Mama bado anajaza chupa zake, siku hizi zina lebo za kijani, na ukimwuliza kuhusu makovu yangu atakuambia ni kazi ya yaya mmoja mjinga. Mwaka jana nilimpata Dada Nekesa mtandaoni. Akanitumia ujumbe wa sauti. "Joy, mtoto wangu, shingo ilipona? Mimi tangu siku ile sijawahi kumpaka mtoto kitu, hata mjukuu wangu. Nauogopa huu mkono wangu."

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa na mtu wa kumwogopa. Sasa nina kazi yangu na nyumba yangu, na Mama ndiye anayenitegemea mimi. Sentensi moja ingetosha: zilikuwa ndimu za Mama, si mkono wako. Nikaandika: "Ilipona, Dada. Nilishakusamehe zamani."

Alijibu papo hapo. Alinishukuru, akaniombea baraka, na kusema kwamba siku zote alijua nina roho nzuri.