Siku Tisa za Wifi Yangu

Sikumpenda wifi yangu, mke wa kaka. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia sababu nzuri. Yeye wa Bujumbura, sisi wa Kigoma, ziwa ni moja, lakini mama yangu alilitaja ziwa lile kana kwamba mkwe wake ametoka sayari nyingine. Mimi nilikuwa na kisa changu. Mume wangu aliponiacha, wifi alisema mbele ya wanawake wa kanisa, kule Hallunda, mtaa wa Stockholm tunakosali, kwamba mwanamume hakimbii nyumba yenye joto. Wanawake walicheka, na mama naye alicheka. Neno lile nililimeza, ila halikuyeyuka.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa mzuri, akanenepa, halafu akaanza kurudi nyuma. Shingo iliyokuwa imeshakaza ikalegea, kunyonya kukamshinda, na kabla ya kutimiza mwaka akafa. Madaktari walipochunguza damu waliona kosa liko kwenye mitokondria, vile vitu vidogo ndani ya kila seli vinavyoupa mwili nguvu. Vitu hivyo mtoto hurithi kwa mama peke yake. Baba hachangii hata kimoja.

Mama yangu alifurahi, na hakuna neno jingine la kulieleza hilo. "Nilisema mimi," aliniambia kwenye simu. "Kwa mwanangu hakuna kasoro." Wiki nzima alikuwa akiwapigia ndugu wa Tanzania kuwapa habari, na kila mara sauti yake ilichangamka alipofika penye neno mama.

Mimi nafanya kazi katika maabara ya hospitali. Napima damu na mikojo. Kwa ukoo wetu hiyo inatosha kuwa daktari, kwa hiyo kaka, ambaye anaendesha basi na ruhusa kwake ni shida, alinituma nimsindikize mkewe kliniki. Nilikubali upesi. Nilitaka kuona.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza kile Kiswidi cha polepole wanachozungumziwa wazee na wageni. Wifi anatunza wazee huko Jordbro, kwa hiyo Kiswidi kile anakitoa mwenyewe kutwa nzima. Alimwacha daktari amalize, kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba moyoni. Alikuwa amesoma kwamba iko nchi ambako wanachukua yai la mwanamke mwenye mitokondria nzima, wanatoa kiini chake, wanaweka kiini cha mama mgonjwa. Mtoto anakuwa wa mama yule, sura na kila kitu, ila ule ugonjwa haumfuati. Je, hapa?

Daktari alisema hapa hapana. Sheria ya Sweden hairuhusu matibabu ya kubadilisha kitu ambacho kitarithiwa na watoto na wajukuu. Na ile nchi nyingine inawapa ruhusa watu wake wenyewe, mmoja mmoja, baada ya kuwajadili.

"Kwa hiyo," wifi alisema, "sheria inaniruhusu nirithishe ugonjwa, ila hainiruhusu nirithishe uzima."

Daktari alisema anaelewa kwamba linaweza kuonekana hivyo. Mimi nilitazama dirishani. Lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia kazini, na liliniudhi kwa sababu limetoka kwake.

Kilichoruhusiwa ni viwili. Apewe yai la mwanamke mwingine, zima kwa zima, na mtoto asiwe wa damu yake. Au wachukue mayai yake mwenyewe, wayarutubishe kwa mbegu za kaka, wayapime, na wamwekee lile lenye ugonjwa kidogo. Alichagua la pili. Akajidunga sindano tumboni wiki kadhaa, akavimba, akaendelea kuwanyanyua wazee wa watu huko Jordbro. Viinitete vitatu, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, vilifika siku ya tano. Vikachukuliwa chembe za kupima, vyenyewe vikagandishwa kusubiri majibu. Majibu yalikuja yakisema vyote vitatu vimejaa ugonjwa na hakuna hata kimoja kinachofaa kuwekwa tumboni.

Tukarudi kwenye kile chumba, na safari hii kulikuwa na fomu. Wangeweza kuomba viharibiwe, au kuvitoa kwa utafiti. Daktari alieleza taratibu. Watafiti wanaweza kukiangalia kiinitete kikikua mpaka siku ya kumi na nne tangu kirutubishwe, basi. Baada ya hapo ni lazima kiharibiwe. Muda wa kukaa kwenye baridi hauhesabiwi.

Wifi alihesabu kwa vidole juu ya paja lake. "Wameishi siku tano," akaniambia kwa Kiswahili. "Zimebaki tisa." Halafu akamgeukia daktari. "Mtaniambia siku mtakayowatoa?"

Daktari alisema haiwezekani. Vinapewa namba tu, na atakayevishika hatajua ni vya nani.

Alichagua utafiti hata hivyo. Alisema kama wao hawatapona, basi wasaidie wengine. Kaka alisaini siku iliyofuata bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu.

Tangu hapo nikakosa raha. Kila Jumamosi wifi alitoka Hallunda, akabadilisha treni, akapanda ile ndogo ya Saltsjöbanan mpaka kwangu Fisksätra, kuniuliza kama nimesikia lolote. Nilimwambia kazi yangu ni mikojo. Nilimwambia ile kliniki simjui mtu hata mmoja. Hakuamini. Kichwani mwake maabara zote za mji huu zilikuwa soko moja, na wauza soko wanajuana.

"Kuna mtu ataitoa chupa," alisema. "Mtu ana jina. Uliza, wifi. Nataka siku tu. Mwanangu wa kwanza nilimkalia tanga. Hawa nitawakaliaje bila siku?"

Ndilo alilotaka, na sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine. Hakuomba warudishwe wala wapone. Alitaka ajue siku tisa zao ni zipi, akae nao, zikiisha amalize matanga.

Jumamosi moja alinikuta kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Anayekaa Stockholm anajua zamu ya kufulia ni kitu gani: saa tatu zako, ukichelewa dakika tano jirani amesimama mlangoni na kikapu. Nilikuwa nakunja shuka. Akaanza wimbo ule ule. Nikamwambia aache, mambo ya maabara hayako hivyo, vile ni vitone tu ambavyo hata jicho halivioni. Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, akasema, "Wewe hukuzaa, wifi. Huwezi kujua."

"Jumatano," nikasema.

"Nini?"

"Nimeuliza. Walitolewa Jumatano hii iliyopita."

"Wote watatu?"

"Wote."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Ile saa ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Siku ningeweza kusema ilinitoka kwa hasira. Saa niliifikiria. Alinishika mikono yote miwili, yangu ikiwa bado na shuka, akanishukuru, akaondoka haraka kwa sababu siku tatu zilikuwa zimeshapita na yeye hajakaa.

Alifumua nywele zake siku ile ile. Akashusha godoro sakafuni. Kazini aliomba likizo, akaulizwa msiba wa nani, akasema wa watoto, wakampa kwa haraka iliyowaumiza wenyewe. Kaka alinipigia simu akinong'ona. "Halali kitandani. Umemwambia nini?" Nikamwambia nimemwambia alichotaka kusikia. Akasema haya, na akarudi kwenye basi lake.

Siku ya tisa iliangukia Alhamisi. Alitualika jioni, mimi na mama. Mama alikuja akidhani ni ujauzito. Mezani kulikuwa na wali, kisamvu, na migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, aliyoletewa na mtu kutoka Bujumbura na kuitunza kwa siku kubwa. Wifi alisimama, nywele timtim, gauni jeusi, akasema anatushukuru kuja kumaliza tanga la watoto wake watatu.

Mama alishika kijiko hewani. "Watatu gani?"

Kaka akamweleza kwa sauti ya chini.

"Wale wa kwenye friji?" Mama alitutazama mmoja mmoja. "Mimi nina kuku kwenye friza tangu Krismasi. Nikamlilie na yeye?"

Nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka mpaka wali ukanipalia na mama akanigonga mgongoni, naye akicheka. Kaka alitazama sahani yake. Wifi alingoja. Tulipomaliza, alinijazia maji kwenye glasi, akasema, "Wifi, wewe ndiye uliyeniletea siku. Tuombee."

Nikaomba. Nina sauti nzuri ya kuomba, hata wasionipenda kanisani wanakiri. Niliwataja watoto watatu, nikataja saa nne asubuhi ya Jumatano, nikamwomba Mungu awapokee. Wifi alisema amina kwa nguvu. Hata mama alisema amina, kwa mazoea.

Baada ya hapo mambo yakanyooka, na huo ndio ukweli. Alisuka nywele. Alirudi kwaya. Aliongea na kaka, wakakubaliana wajiandikishe kupata yai la mwanamke mwingine, na mtoto atakayezaliwa watamwita wa kwao bila maneno mengi. Alinenepa kidogo. Nikaanza kujisifu moyoni. Nilijiambia kwamba uongo wangu umemponya mtu aliyeshindwa kuponywa na daktari na sheria yake. Mama hupenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Nikaona ya kwangu inazidi kurefuka, tena imenyooka na kusakafiwa.

Barua ilikuja Aprili. Aliileta mwenyewe, siku ya kazi, saa za mchana, wala hakuvua koti. Aliketi jikoni kwangu akaiweka mezani.

"Soma. Nimeisoma mara nne. Labda Kiswidi changu ni cha wazee tu."

Ilikuwa barua ya adabu. Utafiti waliouridhia hautafanyika tena pale kliniki. Viinitete vyao vitatu viko kwenye baridi kama vilivyokuwa, havijawahi kuyeyushwa wala kuguswa. Kwa kuwa ridhaa yao ilikuwa ya utafiti ule, wanaombwa wachague upya: utafiti mwingine, kuharibiwa sasa, au kuendelea kuhifadhiwa mpaka mwisho wa muda wa sheria. Saini mbili, ya mama na ya baba.

"Hawajatolewa," akasema.

"Hawajatolewa."

"Nani alikwambia Jumatano?"

Ningeweza kumzulia mtu. Hata jina lilinijia. "Hakuna," nikasema, na kwa kuwa mtu mwenye kosa hupandisha sauti, nikapandisha. Nikamwambia alikuwa akinisumbua kila Jumamosi. Nikamwambia alinitukana utasa kwenye chumba cha kufulia, na kabla yake alinitukana Hallunda mbele ya watu. Nikamwambia amshukuru Mungu, kwani hakupona? Hakusuka nywele?

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wazee wake wakigoma kuoga.

"Mama alicheka," akasema. "Nilimsamehe pale pale, maana hakujua. Wewe ulijua, na ukaomba. Miye nimeshawazika. Sasa wananiuliza niwafanyeje."

Akageuza ile fomu, akaisukuma upande wangu, na kalamu juu yake. "Weka alama."

"Hii ni yenu, wewe na kaka."

"Saini ni zetu. Alama weka wewe. Umeshawaua mara moja."

Nikamuuliza niweke wapi. Akasema, "Ulipochagua siku hukuniuliza."

Visanduku vilikuwa vitatu. Kuvihifadhi kulimaanisha mwanamke huyu angenijia kila Jumamosi kwa miaka. Utafiti mwingine ulimaanisha siku tisa nyingine zisizojulikana. Sitasema nilimfikiria yeye. Nilitaka ainuke kwenye kiti changu. Nikaweka alama penye kuharibiwa.

Aliitazama ile alama, akasaini chini yake.

"Lini?" akauliza.

"Sijui, wifi. Haki ya Mungu, sijui."

"Sasa ndiyo hujui."

Aliikunja fomu, akaiweka ndani ya koti, akafungua mlango mwenyewe. Kwetu mgeni husindikizwa hata hatua mbili. Nilibaki nimekaa, nikamsikia akishuka ngazi zote bila kungoja lifti.

Kaka alisaini jioni ile, na fomu ikaenda. Tangu siku hiyo wifi hajafika kwangu. Tukikutana kanisani ananisalimia vizuri, ananipa mkono, anauliza kazi. Hajafumua nywele, hajashusha godoro.

Baada ya wiki mbili nilipiga simu kliniki kutoka kazini, wakati wa mapumziko. Nilitumia Kiswidi changu kizuri, cha mtu aliyesoma hapa. Nikatoa jina la wifi na kuuliza kama ile kazi imeshafanyika, na kama ndiyo, ilikuwa siku gani. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye heshima. Akaniuliza mimi ni nani.

Nikasema, "Mimi ni shangazi yao."

Akasema kwa bahati mbaya shangazi haambiwi, ndivyo sheria ilivyo, akanitakia siku njema.