Kinachotoka Shimoni

Tangu Omary, mwalimu wa fizikia, apange chumba cha uani kwa Pelagia pale Kasulu mwaka 1977, mama wa watu hakuwa na raha. Mtu wa Tanga, mpole, pombe hanywi, salamu zake ndefu. Mpelelezi angekuwaje zaidi ya hapo?

Pelagia alikuwa na la kuficha. Majirani walimjua kuwa Muha wa Makere, na Kirundi chake kilipita humo humo ndani ya Kiha. Kumbe alivuka mpaka mwaka 1972, baada ya askari wa kwao kumpakia mumewe Nsabimana kwenye lori pamoja na wanaume wenzake, wasirudi. Wakimbizi wengine walipelekwa makazi ya mbali. Yeye aling'ang'ania hapa, karibu na mpaka, ili mume akitoka ampate.

Siku moja Omary alimletea chai, akamkabidhi kikombe bila kukionja. Huku Buha anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Pelagia alishukuru kwa adabu, akaenda kuimwaga kwenye migomba. Mgeni hakujua mila tu, lakini nani angemwambia Pelagia akaelewa?

Kisha Pelagia akamkuta Omary amechora duara uani kwa kijiti, vidoti ndani, vidoti nje. Ramani ya mpaka hiyo!

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Shimo jeusi, mama. Liko huko angani, linameza kila kitu, hata mwanga. Tuliamini hakuna kinachotoka."

Moyo ukamlipuka paa. "Na sasa?"

"Wataalamu wamepiga hesabu za kwanta, zile za vitu vidogo kabisa, wakaona linavuja. Ukingoni huzaliwa chembe mbili mbili. Moja humezwa, nyingine hutoroka. Shimo likiwa na chaji ya umeme, hufukuza zaidi zile zenye chaji kama yake, mpaka chaji iishe. Halafu lenyewe hupungua kwa kutoa joto, taratibu."

Pelagia alichuchumaa. Hofu yote ilimtoka akilini.

"Ego, ndiyo, Mwalimu. Hicho kinachotoka, ndicho kilichoingia?"

Omary aliweka kijiti chini.

"Hapana, mama. Hicho ni kingine. Kwa hesabu hizi, kilichoingia hakirudi."

Mpelelezi angempa matumaini ili aendelee kusema. Huyu alisema kweli, na ilimchoma. Pelagia akaketi vumbini, akamlilia Nsabimana kwa jina lake, kwa sauti, kwa Kirundi, mwalimu akisikia.