Mlio wa Rivolva ya Mninga

Kaka yangu Damiani hajawahi kushika bunduki ya kweli tangu azaliwe, lakini ukimuuliza habari za bunduki za Wataliano utakesha. Naandika haya kwa sababu hapa Mkiwa siku hizi wanamwita mzee aliyemfunga mwanawe. Mimi ni mdogo wake, Emiliana, ndiye ninayewauzia chai na maandazi hapo njia panda, na nimechoka kuwasikia wakimsema huku wanatafuna vyangu. Wanachosema ni kweli. Ila hawajui ilivyokuwa.

Mwaka 1996 fundi mmoja wa Kitaliano aliyekuja kuchimba visima aliondoka akaacha sanduku la kanda za video. Zote zilikuwa filamu za zamani za kwao, za polisi na majambazi: wanaume wenye masharubu, magari madogo yanayokata kona kwa fujo, na bunduki kila baada ya dakika mbili. Damiani ni seremala. Akajenga kibanda cha mabati nyuma ya karakana yake, akaweka televisheni na jenereta, watu wakaanza kuja, wengine kutoka kijiji cha Issuna kwa baiskeli. Kitaliano hakuna aliyekijua, na yeye mwenyewe hakukijua. Alisimama kando ya televisheni akasimulia anavyotaka.

Mwaka wa pili spika ya televisheni ikafa. Mtu mwingine angefunga kibanda. Kaka yangu alifurahi, maana alikuwa amechukizwa siku nyingi na milio ya filamu zile. Alisema Wataliano ni wavivu, wamechomeka mlio mmoja kwenye kila bunduki, kubwa kwa ndogo. Basi akaanza kuipiga kwa mdomo, kila silaha na mlio wake. Bereta, bastola ya inspekta wa polisi, ilikuwa fupi na kavu, ulimi ukigonga nyuma ya meno. Ile ya mitutu miwili iliyokatwa, ambayo watu wa Sisilia huificha ndani ya koti, aliitoa kifuani. Rivolva ya mtutu mfupi ndiyo ilikuwa kazi: meno ya mbele, mdomo wa chini, na pumzi yote kwa mkupuo mmoja. Ikilia, kina mama walishika vifua. Halafu angeisimamisha kanda katikati ya mapigano atufundishe: "Hiyo Bereta inabeba nane. Kapiga kumi na moja. Huyu anatudanganya."

Lakini mdomo mmoja hauwezi kurushiana risasi. Alihitaji wa pili, na wa pili alikuwa Leonard, mwanawe wa pekee, aliyefiwa na mama yake mapema. Baba alikuwa polisi, mtoto alikuwa jambazi. Miaka kumi walifanya hivyo, mpaka watu wakawa na simu na kibanda kikafa. Leonard hakuwahi kusema kama alikipenda au alikichukia. Alipooa akahamia Issuna, baba yake alimpa zawadi rivolva aliyoichonga kwa mninga, akaipaka dawa nyeusi ya viatu hadi ikang'aa. Mtu mzima anapewa bastola ya mti harusini. Nilimsema kaka yangu siku ile, akanuna wiki nzima.

Mwaka jana alizeti ilikauka Issuna kwa msimu wa pili. Nasema hivyo, ila usidhani namtetea Leonard. Wengi iliwakaukia, hawakwenda njiani kupora. Jioni moja wakati wa magharibi, mnunuzi wa alizeti anayeitwa Isaka alikuwa anarudi na mfuko wake na simu yake, akatokea mtu aliyejifunika uso kwa shuka, akamwelekezea bastola. Isaka akasita. Bastola ikalia. Isaka alijua amekufa, akatupa kila kitu, akakimbia, akaangukia mtaroni akavunja mkono. Kesho yake polisi waliokota rivolva ya mninga kwenye shamba la alizeti.

Hapo ndipo kaka yangu alipofanya lile analolilia mpaka leo. Askari mmoja alimfuata karakana, kijana mwenye adabu, akaamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akaweka kitu juu ya meza ya kazi.

"Mzee, wanasema wewe unajua bunduki. Hii unaijua?"

Damiani aliichukua kwa mikono miwili. Nilikuwepo, nimempelekea chai. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyemwona ndugu yake kituo cha basi.

"Rivolva ya mtutu mfupi," akasema. "Risasi sita. Angalia kitako, hiki ni kitako cha Kitaliano hasa. Hii nimechonga mimi, kwa mkono wangu. Nilimpa mwanangu alipooa."

Askari akaandika. Akamuuliza mwanawe anaitwa nani, na kaka yangu akamtajia jina lote mpaka la babu. Mimi nilishaelewa kabla hajamaliza sentensi, nikamkanyaga mguu. Akadhani namhimiza.

Shitaka likawa unyang'anyi wa kutumia silaha, na hilo halina dhamana. Mzee Hezekia, karani mstaafu wa mahakama anayekunywa chai kwangu, ndiye aliyetueleza tunachokabiliana nacho. Isaka ameapa kwamba alisikia risasi. Mti haulii. Kwa hiyo upande wa mashtaka unasema bunduki ya kweli ilikuwepo na imefichwa, na ile ya mninga ni ya kuzugia tu. Wakikubaliwa, ni miaka thelathini.

"Na kama hakukuwa na bunduki?" kaka yangu akauliza.

"Kama ilikuwa mti mtupu, huenda wakashusha. Unyang'anyi wa kawaida. Kumi na mitano."

Leonard alikuwa na jibu moja tu, na alilishika kwa meno: hakuwepo. Bastola iliibiwa nyumbani kwake zamani, hajui nani alikuwa nayo. Tulipokwenda kumwona mahabusu Singida Mjini alilirudia hilo hata kwetu, akitutazama machoni. Tulipotoka nje kaka yangu alisimama katikati ya njia.

"Ni yeye," akaniambia. "Hakuna mwingine Tanzania nzima anayeweza kuipiga rivolva kwa mdomo mtu akavunjika mkono. Ni mimi na yeye. Na wataamini kulikuwa na bunduki, Emiliana. Watampa thelathini. Atatoka mzee kuliko mimi, na mimi sitakuwepo."

Ndipo akaamua atasimama mahakamani aupige ule mlio mbele ya hakimu, ili ajue kwamba mdomo wa mtu unatosha. Nilimwambia akifanya hivyo atakuwa amesema mwanawe alikuwepo. Akasema kukana kulishakufa siku aliyoishika ile bastola karakana, na kosa hilo ni lake, sasa aokoe kinachookoka. Nilimwogopa na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Kulikuwa na tatizo jingine. Miaka miwili nyuma bodaboda ilimwangusha akapoteza meno manne ya juu, ya mbele. Alijaribu mlio uani kwangu na ukatoka upepo na mate. Mbuzi waliokuwa wanakula maganda hawakuinua hata vichwa. Alijaribu asubuhi, akajaribu mchana, akajaribu mpaka midomo ikapasuka. Mwishowe akaenda karakana, akachonga meno manne ya mninga, akayapachika kwenye nta ya nyuki na kuikandamiza kwenye fizi. Siku ya tatu ulitoka mlio mmoja, dhaifu, lakini ulitoka. Alikaa chini akalia. Nikalia naye, maana nilianza kuamini.

Siku ya utetezi Leonard alisema hakuwepo, akakaa. Aliposikia baba yake anaitwa kuwa shahidi hakushtuka, kwa sababu Damiani alimwambia tu kwamba atakuja kueleza tabia yake njema. Kaka yangu alipanda kizimbani na koti lake la kanisani, meno yakiwa mahali pake, akaongea taratibu yasitoke. Akaeleza kibanda, kanda, spika iliyokufa. Watu walianza kutabasamu. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, alimwacha aongee.

"Mheshimiwa, hakukuwa na risasi. Ule ni mdomo. Nikiruhusiwa nitaonyesha."

Mwendesha mashtaka alipinga. Hakimu alifikiri, akasema aonyeshe, mara moja.

Damiani alivuta pumzi yote. Meno yalitoka kwanza. Yaliruka pamoja na nta yake yakaanguka mbele ya meza ya karani, na nyuma yake ulitoka upepo tu, kama wa mpira wa baiskeli uliotoboka. Mahakama nzima ilicheka. Karani alicheka, askari walicheka, hata Isaka na mkono wake uliopinda alicheka. Kaka yangu alishuka kizimbani bila ruhusa, akapiga magoti, akaanza kuyaokota moja moja, huku akisema kwa fizi, "Nitarudia, Mheshimiwa, naomba nirudie." Nami nilikaa pale, dada mtu mzima, sikuweza kusimama nikamwinue.

Ndipo rivolva ikalia.

Ililia mara mbili, kutoka upande wa washtakiwa. Isaka alikuwa chini ya benchi kabla mlio haujaisha, anapiga kelele kwamba ndiyo hiyo, ndiyo yenyewe. Askari mmoja alishika kiunoni kwake. Miwani ya hakimu ilianguka mezani. Leonard alikuwa amesimama, midomo bado imekaza, anamtazama baba yake aliyepiga magoti. Hakuna aliyecheka tena.

"Ya mtutu mfupi hiyo," kaka yangu akasema polepole, na Mungu anisamehe, nilisikia fahari katika sauti yake.

Leonard aligeuka kwa hakimu. "Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa na mti na mdomo. Sikuwa na kingine."

Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili. Miaka kumi na mitano. Kaka yangu aliniegemea pale nje akawa anashukuru, anasema tumemwokoa, tumeipunguza nusu. Mzee Hezekia, aliyekuwa amekuja nasi, alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mnunuzi hakuwa ameona uso, na bastola imepita mikononi mwa watu. Kijana angeendelea kukana, kesi ilikuwa na upenyo mkubwa wa kuanguka. Nilimwomba asimwambie kaka yangu neno hilo hata akiwa kaburini.

Walipokuwa wanampandisha garini nilimfikia Leonard kabla askari hawajanisogeza. Nikamuuliza kwa nini.

"Shangazi," akasema, "wasingecheka, ningenyamaza."

Gari likaondoka. Damiani alinisogelea, mkono umeziba mdomo usio na meno, akaniuliza mtoto amesema nini.

"Amekusalimia," nikamwambia. "Amesema shikamoo."

Akaitikia marahaba, akilitazama gari.