Nilimwaga dawa ya minyoo kwa kijito Kitengela, lawama ikaenda kwa akina mama

Wakuu, habari zenu. Hii kitu nimekaa nayo miaka mingi na leo naitoa vile ilikuwa, hata pale inaniharibia jina.

Mapema miaka ya elfu mbili niliajiriwa agrovet moja Kitengela, duka la dawa za mifugo. Mimi ni Mkamba wa Kitui, kijana, nimefurahi kupata kazi. Mwenye duka alikuwa Mama Wanjiru. Wateja wetu wengi walikuwa Wamaasai wa mbuzi na ng'ombe, so dawa ya minyoo ilikuwa inatoka sana.

Shida ni ile ime-expire. Mama Wanjiru aliniambia, "Mutua, mwaga huko nyuma, chupa ioshe."

Nyuma ya duka kulikuwa na mtaro unaoingia kijito, hapo chini kidogo ya daraja. Nikamwaga makatoni mazima kwa siku chache. Sikufikiria kitu. Maji yanaenda, si ndio?

Sasa, kulikuwa na mwalimu wa sayansi, Mwalimu Nashipae. Kila term alikuwa analeta darasa lake hapo kijitoni. Wanachota tope la chini na chujio, wanahesabu wadudu: viminyoo vyekundu, konokono wadogo, watoto wa kereng'ende.

(Mimi kabla ya hapo sikujua kwa tope kunaishi mtu.)

Siku moja akaingia dukani na mikebe miwili ya tope, akanisalimia Kimaasai.

"Supa, Mutua."

"Ipa, Mwalimu."

Akaiweka kwa kaunta. "Hii ni ya juu ya daraja, maji yanakotoka, iko na vidudu. Hii ya chini haina hata kimoja. Wewe unajua dawa. Nini inaweza kufanya hivi?"

Wakuu, nilijua hapo hapo. Dawa ya minyoo haiulizi kama huyu mnyoo ni wa mbuzi ama wa mtoni.

Nikasema, "Labda ni sabuni. Akina mama wanafulia hapo."

Aliniamini. Akaenda akawaomba akina mama wahame, na kwa sababu ni mwalimu, wakamsikia. Walianza kwenda mbali huko mlimani kwa bomba la maji, wanapita mbele ya duka na karai za nguo kichwani. Kati yao alikuwa Mama Sironka, ana mguu mbaya, anapumzika kwa ngazi yetu kila akipita.

Mimi namkaribisha maji ya kunywa. Anasema, "Ashe, kijana wangu." Yaani asante.

Hiyo asante ilinimaliza. Wiki tatu nilivumilia, kisha nikashindwa. Asubuhi moja akina mama wakiwa wamepumzika hapo, na Mwalimu anapita kwenda shule, nikatoka nje nikasema yote. Mtaro, makatoni, sabuni.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Sironka aliuliza tu, "Hizi siku zote ulikuwa unatuona tukipita?"

"Nilikuwa nawaona, Mama."

Akabeba karai yake, akarudi chini ya daraja.

Mama Wanjiru alikasirika na mimi karibu mwezi, anaongea nami kama kuna mteja tu. Lakini alienda mwenyewe kwa watu wa mifugo Kajiado kuuliza dawa zilizo-expire zipelekwe wapi, na hatukumwaga tena.

Mvua ndefu ikapita. Mwalimu Nashipae akaniita kijitoni, akanipa chujio nishike. Tukapata viminyoo vyekundu, vichache. Term iliyofuata, watoto wa kereng'ende. Konokono sikuwaona mpaka nikahama Kitengela.

Nilimwambia, "Si wanarudi, Mwalimu?"

Akasema, "Hawa wanarudi kwa sababu huko juu maji yanakotoka walibaki wengine. Ungekuwa umemwaga huko juu, wangetoka wapi?"

Nikaosha chujio, nikamrudishia.

Nilichojifunza: kitu ya kuua kidudu ndani ya mbuzi haiachi kazi ikitoka kwa chupa. Na uongo mdogo wa kujificha, kuna mtu anaubeba kichwani akipanda mlima.

Mama Sironka alirudi kufulia pale pale, na salamu alikuwa anaitikia. Lakini kwa ngazi yetu hakukaa tena.

Wenye agrovet na chemist mko humu, najua. Zile za ku-expire nyinyi mnapeleka wapi? Semeni ukweli tu, hapa hakuna wa kuwahukumu, mimi wa kwanza.