Nani Atalinda Nyumba Sabasaba

Hivi wewe, kwenu chakula cha safari kikishapakiwa, nani huambiwa abaki?

Kwa Timotheo, fundi cherehani wa Mwanjelwa, jibu lilikwisha kutolewa kabla hajaulizwa. Mkewe Esta alikuwa anasukuma chapati tangu mchana. Kuku walikuwa wamekaangwa, ndizi zimeiva, mayai yamo kikapuni, na Timotheo mwenyewe alikaa kizingitini akifunga kikapu kwa kamba. Kesho ilikuwa Sabasaba. Watoto wao watatu waliahidiwa kupelekwa Daraja la Mungu, wakale kando ya mto pamoja na baba na mama. Mdogo wao, Lusia, alikwisha kuvaa gauni jipya na alikataa kulivua.

Juliana, dada yake Timotheo, aliingia bila hodi, ametoka Rungwe.

"Baba yuko nyuma anakuja," alisema. "Naye anakwenda kesho. Atakaa mbele na dereva."

Mikono ya Esta ikasimama juu ya unga.

Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani mmoja huacha njia, na huyo mmoja siku zote ni mwanamke. Juliana alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikuwa anatabasamu.

"Dada, wewe ndiye uliyemwalika?" Timotheo aliuliza.

"Mtu anaalikwa kwa wajukuu zake? Na wewe wifi, usinune. Nyumba haiwezi kuachwa peke yake. Mwanjelwa hii ina wezi."

"Wezi wa Mwanjelwa nawafahamu," Esta alisema, akiutazama mkono wa Juliana uliokuwa unachukua chapati ya pili. "Angalau wao hawajiiti ndugu."

Kikohozi kikasikika nje. Esta akajitupia kanga kichwani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Miguu ilikwenda yenyewe, ilivyofundishwa tangu siku ya harusi.

Mzee Saulo, baba yao, mzee wa kanisa anayeheshimika, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa bado na joto la Esta, akanyoosha viganja kwenye moto wa Esta, akaanza kula. Kupitia dirishani Timotheo aliona pindo la kanga katikati ya migomba. Julai ya Mbeya inang'ata, na sweta ya Esta ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, mbele ya pua yake. Nani angemkataza kuipeleka? Hakuna. Aliitazama, akaendelea na kamba yake. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote: mpole, mtaa mzima unamsifu, na baridi ya upole huo inampiga mtu mwingine.

"Babu anasema chapati za mama ni laini," Lusia alisema. "Kwa nini asimwambie mwenyewe?"

"Nyamaza."

Ni neno hilo tu Timotheo alilotamka mbele ya baba yake jioni ile.

Mzee alipokwenda kwa jirani, alikoandaliwa malazi, Esta aliingia ndani anatetemeka.

"Mwambie baba yako," alimwambia mumewe.

"Nimwambie nini? Ni mila, mama Lusia."

"Kanisani tunakaa chini ya bati moja, na sadaka yangu anaipokea yeye. Jumapili mila hiyo huwa imekwenda wapi?"

"Sasa unataka kugombana na mzee."

"Nataka kula na wanangu."

"Tutakuletea mabaki, wifi," Juliana alisema kutoka chumba cha pili.

Asubuhi iliyofuata Landrova ya kukodi ilipiga honi barabarani. Watoto wakubwa wakapanda nyuma. Mzee Saulo alitoka kwa jirani, amevaa koti na kofia ya pama, anakuja taratibu. Timotheo alitoka na kikapu, akaganda. Esta alikuwa amekaa kiti cha mbele, Lusia mapajani, kichwa wazi. Hakugeuza uso.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mzee alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akaziba uso kwa mkono, akaacha njia, akaingia migombani.

"Umerukwa na akili wewe," Juliana alisema kutoka mlangoni.

"Mimi Mhehe, mambo yenu siyajui," alisema Joachim, dereva. "Tunakwenda au hatuendi?"

Esta alinyoosha mkono dirishani, akachukua kikapu mikononi mwa mumewe. "Twende."

Gari likaondoka, watoto wakipiga makelele nyuma. Timotheo alibaki uani mikono mitupu. Kati ya majani ya migomba aliiona kofia ya baba yake, imetulia pale pale, inasubiri mwanamke apite.