Lalmuni Amwekea Mumewe Dhamana

Mume wa Lalmuni alikamatwa mferejini, jembe likiwa bado mkononi. Msimamizi wa mashamba ya tajiri alikuwa ameuziba mfereji kwa magunia ya udongo ili maji yote yaende kwa bwana wake. Mume akamsukuma kando aufungue, msimamizi akaanguka chali kwenye matope mbele ya kijiji kizima. Mwilini hakuwa na hata mkwaruzo. Kicheko cha watu ndicho kilichompeleka msimamizi kituo cha polisi kushtaki.

Lalmuni alifika mahakama ya wilaya asubuhi, amejitanda sari hadi kwenye paji la uso. Kifua cha mumewe alikijua vizuri. Kikohozi kikimwanza wakati wa mvua, humganda mpaka majira ya baridi, na huko gerezani analala kwenye sakafu yenye maji. Alitaka jambo moja tu: mtu yule arudi nyumbani kabla kifua hakijamshinda.

Getini alimpata Lallan, au tuseme Lallan ndiye aliyempata yeye. Alikuwa dalali wa mahakama, mdomo mwekundu kwa tambuu, shati jeupe kuliko matendo yake.

"Shemeji! Unaenda wapi peke yako? Humu ndani hakuna jambo lisilopitia mkononi mwangu. Kesi gani?"

"Alimsukuma mtu wa tajiri."

Lallan akapiga mluzi. "Wee! Hiyo ni ndugu wa kuua. Uza mbuzi, nikufanyie mpango."

"Umejuaje kama nina mbuzi?"

"Kila anayekuja hapa na uso kama huo ana mbuzi."

"Basi wangu ana mimba," alisema Lalmuni, "na wewe huna hata kiti cha kunikalisha." Akampita.

Mawakili walikaa chini ya paa refu la mabati, meza zao zimefungwa minyororo kwenye nguzo, makoti meusi yakiwalowesha jasho. Lalmuni hakujua kusoma vibao vyao. Alitembea polepole akitazama. Mmoja alikuwa akimfokea mteja wake kama mtoto. Mwingine aliongea na simu huku kizee kimoja kimemsimamia mikono kifuani, kinangoja. Mwisho wa safu aliona kitu kigeni: mteja ameketi, na wakili amesimama. Wakili mwenyewe alikuwa mwanamke, tena kijana. Lalmuni akangoja hapo.

"Wewe ni karani?" aliuliza zamu yake ilipofika.

"Mimi ni wakili. Naitwa Nikhat Ara. Kaa, dada."

"Wakili wa kweli?"

"Wa kweli, na wa bure. Maskini aliyefungwa ana haki ya wakili asiyelipwa. Serikali imelisema hilo, ila imelisema kwa kunong'ona."

Lalmuni akampa karatasi ya polisi. Nikhat aliisoma mara moja, akairudia, kisha akaitupa mezani.

"Kosa lenyewe lina dhamana!"

"Dhamana?" Lalmuni alishika shavu. "Kama ile aliyopoteza mzee Singh kwenye uchaguzi? Tulimcheka mpaka akahamia kwa mkwewe."

Nikhat alijitahidi asicheke, akashindwa. "Hiyo ni ya wagombea, huipoteza wakikosa kura. Hii yetu ni nyingine. Nisikilize. Si faini. Si hongo. Wala si kusema mumeo hana kosa, kesi itaendelea. Ni mtu kusimama mbele ya hakimu na kusema: mwachieni akalale kwake, siku ya kesi atakuja. Asipokuja, mnidai mimi. Na kwa kosa dogo kama hili, hakuna anayemfanyia mumeo hisani. Ni haki yake. Polisi walipaswa kumwachia palepale kituoni."

"Mbona hawakuniambia?"

"Ulijua kuuliza?"

"Ningejuaje?"

"Basi hapo ndipo wanapoishi, kwenye kutojua kwa watu," alisema Nikhat.

Lalmuni aliitazama ile karatasi mezani. Zile siku zote mumewe amekohoa sakafuni si kwa sababu sheria ilitaka hivyo. Sheria ilitaka awe nyumbani kwake. Amekohoa kwa sababu hakuna mtu hata mmoja, kati ya wote wenye vyeo na kofia, aliyeona mke wa kibarua anastahili kuambiwa maneno mawili. Hasira ilimpanda taratibu, na ilimfaa kuliko machozi.

"Nani atasimama?" aliuliza Nikhat. "Awe na mali isiyohamishika."

"Shemeji yangu amekataa, anamwogopa tajiri. Mimi nina kiwanja. Kile tulichogawiwa sisi wanawake wa kijijini, kimeandikwa jina langu."

"Simama wewe."

"Mwanamke?"

"Hakimu atatazama kiwanja, hatatazama bangili."

Mchana waliingia. Washtakiwa walipangwa nyuma ya uzio wa mbao, mumewe kati yao, ndevu zimemwota, kamba ya askari kiunoni. Hakimu alikuwa na uso wa mtu aliyedanganywa tangu asubuhi. Wiki ile walikuwa wamegundulika wadhamini wa kukodiwa, watu wa getini wanaomsimamia yeyote kwa pesa ya chai kisha wanatoweka. Kwa hiyo alikuwa akimtazama kila mdhamini na kumtupia swali ghafla. Bwana aliyemtangulia Lalmuni alikosea jina la "mjomba" wake mara mbili. Akafukuzwa.

"Wewe. Unamdhamini nani?"

"Baba yake Sunaina, Mheshimiwa."

Watu wakacheka.

"Sunaina simjui. Taja jina la mshtakiwa."

"Yule pale, Mheshimiwa. Aliyekonda."

"Jina!"

Lalmuni akamgeukia Nikhat. Kwao mke halitaji jina la mumewe. Kila akilitaja, humpunguzia umri. Tangu alipoolewa hakuwahi kulitamka, si kwa hasira, si kwa usingizi, hata siku mumewe alipokuwa akizama alipiga kelele za "baba Sunaina" tu, kwa jina la binti yao. Akajaribu njia ya wanawake wote wa kijijini, kulizunguka jina kwa kitendawili.

"Ni siku, Mheshimiwa."

"Siku gani?"

"Inayokuja baada ya Jumatatu."

"Mama, tumekuomba jina, si kalenda!" alisema karani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hakimu hakucheka. "Huyu naye ni wa kukodiwa."

Nikhat aliruka. "Mheshimiwa, wa kukodiwa angelitangaza jina kama muuza vitunguu! Huyu linamshinda kwa sababu ni mkewe."

"Huenda, wakili. Lakini karani aandike nini? Baada ya Jumatatu? Alitaje, la sivyo mtu wake anarudi ndani."

Lalmuni akamtazama mumewe. Naye, macho yamemtoka, alikuwa akitikisa kichwa: usinitaje. Kisha kikohozi kikamkunja akashika mbao za uzio, na askari akaivuta kamba kumsimamisha wima kama ng'ombe.

Alimtazama akikohoa. Umri wa mtu huyu, aliwaza, unapungua kule ndani kila usiku na hakuna anayeulizwa. Nikilitaja utapungua pia. Kama ni kupungua, upungue akiwa kwangu, mahali pakavu, nikimwona.

Akaishusha sari kutoka kwenye paji la uso.

"Mangru!" alisema, kwa sauti iliyofika barazani. "Mangru Manjhi, mwana wa Jhagru Manjhi. Mume wangu. Andika!"

"Naam!" aliitika Mangru nyuma ya uzio, kabla hajajijua.

Safari hii hakuna aliyecheka, ingawa Mangru kwa lugha yao ni mzaliwa wa Jumanne. Hakimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamwashiria karani aandike.

Jioni walitembea kurudi kijijini kwenye tuta kati ya mashamba ya mpunga, Mangru mbele, Lalmuni nyuma.

"Ulipaza sauti vile," alisema Mangru hatimaye. "Hata askari aliniangalia mara mbili."

"Walitaka wasikie."

"Sasa nimebakiwa na miaka mingapi?"

"Ya kukutosha kufika mahakamani. Nimeweka kiwanja changu."

Mangru akakohoa, akatema mate majanini, akaenda hatua chache zaidi bila kugeuka.

"Jina langu halikuwa baya masikioni," alisema. "Litaje tena."

"Lile lilikuwa la hakimu," alisema Lalmuni. "Tembea, baba Sunaina, giza linaingia."